Pawasoo Imekataa Kuwaka? Pima Mwanya wa Koili Kabla ya Kununua Mpya

Katika ukurasa huu wa kazi na vifaa tunataka kueleza jambo dogo ambalo husimamisha kazi kubwa. Vikundi kadhaa hapa Isiolo vina msumeno wa injini, ile mashine ambayo wengi wetu tunaiita pawasoo. Mara nyingi ni mashine ya zamani. Ilinunuliwa kwa mtu au ilitolewa kama msaada, na kitabu chake kilipotea kitambo. Siku moja inakataa kuwaka. Kamba inavutwa mpaka mkono unauma. Plagi inabadilishwa, bado. Mwishowe mtu anasema, "Koili imekufa." Basi wanachama wanachanga pesa, koili inaagizwa kutoka Meru au Nairobi, na wakati mwingine hata hiyo mpya ikifungwa mashine haiwaki. Kumbe koili ya kwanza haikuwa imekufa. Ilikuwa imesogea mbali na sumaku kwa unene wa karatasi chache tu.

Mwanya huo unaweza kupimwa na mwanachama yeyote mwenye mkono mtulivu, bisibisi, na karatasi tatu za fotokopi. Tunaomba msome mpaka mwisho kabla ya kushika bisibisi.

KWA NINI JAMBO HILI LINATUHUSU

Mnaufahamu mti wa mathenge. Uliletwa Bamburi, Mombasa, mwaka 1973 ili kufunika machimbo yaliyobaki wazi. Katika miaka ya 1980 ukapandwa Baringo na sehemu nyingine kavu kwa nia nzuri ya kuzuia jangwa na kupata kuni. Halafu ukakataa kukaa mahali ulipowekwa. Mwaka 2006 watu wa Baringo waliishtaki serikali, na mbuzi aliyepoteza meno kwa kula maganda yake akafikishwa mahakamani. Mwaka 2008 mathenge ikatangazwa rasmi kuwa gugu hatari. Huku kwetu imeshika kingo za Ewaso Nyiro upande wa Merti, na sehemu za Garbatulla pia.

Mti huu haukatwi mara moja ukaisha. Ukiukata juu ya ardhi, kisiki kinachipuka matawi mengi zaidi, na kwa hiyo kikundi kinachofungua njia ya mifugo kwenda majini lazima kirudi na kurudi, na kung'oa visiki pia. Sasa fikirieni pawasoo ikilala stoo tangu mwanzo wa mvua mpaka kiangazi. Njia iliyofunguliwa kwa jasho inafungwa tena na miiba, na ng'ombe wanazungushwa mbali kutafuta maji. Hapo ndipo unene wa karatasi unakuwa jambo la maisha.

UMEME UNATOKA WAPI?

Pawasoo haina betri. Inajitengenezea umeme wake kila mara injini inapozunguka. Ukifungua kifuniko cha kamba ya kuvuta, upande wa kushoto wa mashine, utaona gurudumu lenye mapezi kama feni. Hilo ndilo fulaiwili. Kwenye ukingo wake kumezamishwa sumaku. Kando yake kuna kidude cheusi chenye miguu ya chuma iliyoelekea gurudumu, na waya mnene unaokwenda kwenye plagi. Hicho kidude ndicho koili.

Ndani ya koili mna waya za shaba za aina mbili. Moja ni nene kidogo, nayo imezungushwa mara chache. Nyingine ni nyembamba kama unywele, nayo imezungushwa maelfu ya mara. Sumaku ikipita mbele ya miguu ya koili, nguvu yake inaingia katika chuma na kugeuka ghafla. Badiliko hilo la ghafla ndilo linalosukuma umeme katika waya. Jambo hili lilionyeshwa na Michael Faraday huko Uingereza mwaka 1831, na mpaka leo jenereta zote kubwa na ndogo zinafuata kanuni hiyo hiyo. Umeme wa waya nene unapokatwa kwa wakati wake, ile waya nyembamba inatoa zaidi ya volti 10,000. Nguvu hiyo ndiyo inayoruka pale kwenye ncha ya plagi kama cheche na kuwasha petroli.

Sasa tuangalie mwanya, yaani ile nafasi kati ya sumaku na miguu ya koili. Waliowahi kuteka maji katika kisima kirefu, vijana wakisimama ngazi kwa ngazi na kupokezana ndoo, wataelewa upesi. Wakisimama mbalimbali mno, maji yanamwagika kabla ya kufika juu. Wakisongamana, wanagongana na mtu anaweza kuanguka. Koili ni vivyo hivyo. Mwanya ukiwa mkubwa, nguvu ya sumaku inapotea hewani na cheche inakuwa dhaifu au haipo kabisa. Mwanya ukiwa mdogo mno, injini ikipata moto na kutetemeka, sumaku inagonga koili na kuiharibu. Hapo sasa koili imekufa kweli.

Tena kumbukeni hili: unapovuta kamba, injini inazunguka polepole kuliko inapofanya kazi. Kwa hiyo mwanya mkubwa unaonekana kwanza wakati wa kuwasha. Mashine inaweza kukusumbua asubuhi nzima, halafu ikishawaka inakata mti vizuri tu. Wengi hulaumu petroli.

Kwa mashine nyingi za Husqvarna za zamani, kama 268 na 272, mwanya ni milimita 0.3. Kwa Stihl nyingi ni kati ya milimita 0.2 na 0.3. Kama kitabu cha mashine yenu kipo, fuateni kitabu.

MWANYA UNAHARIBIKAJE?

Bolti mbili zinazoshika koili hulegezwa na mtetemo wa kila siku. Pia mtu akiifungua koili kuisafisha na kuirudisha kwa kukadiria na macho, mwanya unabadilika. Kutu nayo huota kwenye miguu ya koili na kwenye sumaku mashine ikilala muda mrefu, na vumbi letu la Isiolo likichanganyika na oili ya cheni linaganda kama udongo. Mwisho kabisa, beringi za injini zikilika, fulaiwili lote linacheza, na mwanya hauwezi kutulia hata ukipimwa mara kumi.

KABLA YA KUGUSA KOILI

Msikimbilie koili. Anzeni na mambo rahisi, kwa mpangilio huu.

Kwanza, petroli. Ikiwa imekaa miezi kwenye tangi, mwageni, mtie mpya iliyochanganywa na oili ya injini ya tu-stroku.

Pili, swichi. Hakikisheni haiko mahali pa kuzima. Msicheke, imetokea.

Tatu, plagi. Ifungueni, isafisheni, mpime nafasi ya ncha zake. Kwa pawasoo nyingi ni milimita 0.5. Watu wengi huchanganya nafasi hii na mwanya wa koili. Ni vitu viwili tofauti: moja iko kwenye plagi, nyingine iko kati ya koili na fulaiwili.

Nne, angalieni cheche. Rudisheni plagi kwenye waya wake ikiwa nje ya injini. Ishikeni kwa koleo yenye mpini wa mpira, chuma cha plagi kikigusa mwili wa silinda, mbali na lile tundu la plagi, maana mvuke wa petroli unaotoka hapo unaweza kushika moto. Mwenzako avute kamba kwa nguvu. Fanyeni hivi kivulini au ndani ya nyumba, kwa sababu katika jua letu cheche hata iliyo nzuri haionekani. Cheche nzuri ni ya buluu na inalia "ta!" Cheche dhaifu ni ya manjano au nyekundu, au inakuja mara moja moja. Msivute kamba hata siku moja waya wa plagi ukining'inia bila kugusa chochote. Umeme ukikosa njia hutafuta njia ndani ya koili na unaweza kuiharibu.

Tano, ule waya mwembamba unaotoka kwenye koili kwenda kwenye swichi. Uchomoeni kwenye koili, mjaribu tena cheche. Ikirudi, koili ni nzima. Ubovu uko kwenye swichi, au waya umechubuka na unagusa bodi. Tengenezeni huo waya. Msifanye kazi ukiwa umechomolewa, kwa kuwa swichi haitaweza kuizima mashine wakati wa hatari.

Kama cheche bado ni dhaifu au haipo, sasa ndiyo zamu ya mwanya.

JINSI YA KUPIMA NA KUWEKA MWANYA

Vifaa: bisibisi au funguo zinazofaa bolti za mashine yenu, brashi ndogo, kipande cha msasa laini, kitambaa kikavu, na kipimo. Fundi wa magari ana fila geji, yaani vile vibamba vyembamba vilivyoandikwa unene wake. Kama haipo, tumieni karatasi ya kawaida ya fotokopi. Moja ina unene wa karibu milimita 0.1, kwa hiyo tatu zikipangwa pamoja ni karibu 0.3. Karatasi ya daftari la shule ni nyembamba zaidi, itawadanganya. Kadi ya benki nayo ni milimita 0.76, imepita zaidi ya mara mbili. Tunaitaja kwa sababu mtu hushika kilicho karibu mfukoni.

1. Mashine ipoe kabisa. Chomoeni waya wa plagi. Toeni cheni na baa yake ili msikatwe vidole.

2. Fungueni kifuniko cha kamba. Wekeni skurubu zake kwenye kifuniko cha chupa au sufuria, si mchangani.

3. Safisheni kwa brashi kavu, msitumie maji. Piteni msasa kidogo tu kwenye miguu ya koili na juu ya sumaku mpaka kutu iondoke na chuma king'ae. Futeni vizuri, kwa kuwa sumaku hushika unga wa chuma, na unga huo ukibaki utajaza mwanya.

4. Angalieni bolti mbili za koili. Matundu yanamopita bolti ni marefu kidogo, ndiyo maana koili inaweza kusogezwa mbele na nyuma. Kama kwenye mashine yenu matundu ni mviringo na koili haisogei hata bolti zikilegezwa, basi mwanya wake uliwekwa kiwandani. Msichonge kitu kwa tupa.

5. Legezeni bolti zote mbili, sukumeni koili mbali na fulaiwili, halafu kazeni bolti moja kidogo ili isirudi.

6. Zungusheni fulaiwili kwa mkono mpaka sumaku iwe mbele kabisa ya miguu ya koili.

7. Kateni kipande cha zile karatasi tatu, upana wa vidole viwili, mkiingize kati ya sumaku na miguu. Kifunike miguu yote.

8. Legezeni ile bolti. Sumaku yenyewe itaivuta koili mpaka ibane karatasi. Bonyezeni kwa kidole ili miguu yote ilale sawasawa.

9. Kazeni bolti moja kidogo, kisha ya pili kidogo, halafu zote zikaze. Zikaze vizuri lakini msitumie nguvu za ng'ombe. Mwili wa pawasoo ni wa madini mepesi, na nyuzi za bolti zikikatika mmepata kazi nyingine kubwa kuliko ya kwanza.

10. Zungusheni fulaiwili polepole. Karatasi itatoka yenyewe. Ikichanika, mwanya ni mdogo mno. Ikianguka bila kushikwa, ni mkubwa mno. Rudieni.

11. Zungusheni fulaiwili mzunguko mzima mara kadhaa mkisikiliza. Pasiwe na sauti ya kukwaruza. Pimeni tena kwenye kila mguu.

12. Rudisheni waya wa swichi, mkiangalia haugusi fulaiwili. Fungeni kifuniko. Jaribuni cheche kama tulivyoeleza. Halafu rudisheni plagi, baa na cheni.

Kazi yote, kwa mtu anayeifanya mara ya kwanza bila haraka, haimalizi asubuhi moja.

MASWALI AMBAYO HUULIZWA

Mashine yetu inawaka vizuri, lakini ikipata moto inazima. Baada ya kupumzika inawaka tena. Je, ni mwanya?

Mara nyingi siyo. Waya za ndani ya koili zikianza kuachana au ngozi yake ikipasuka, joto hufungua ule ufa, na baridi huuziba. Hakikisheni hivi: ikizima tu, hapo hapo angalieni cheche kabla haijapoa. Kama hakuna cheche, na ikipoa cheche inarudi, koili inahitaji kubadilishwa. Kama cheche ipo, tafuteni kwenye petroli, hasa lile tundu dogo la kuingiza hewa kwenye tangi. Likiziba, petroli haishuki.

Cheche ni nzuri lakini kamba inarudi kwa nguvu na kuumiza mkono.

Fulaiwili limeshikwa mahali pake na kipande kidogo cha chuma. Kikikatika, gurudumu linahama kidogo na cheche inakuja wakati usiofaa. Hiyo ni kazi ya fundi mwenye kifaa cha kuvuta fulaiwili. Msiligonge kwa nyundo.

Tumeweka mwanya lakini upande mmoja unakwaruza na mwingine uko mbali.

Shikeni fulaiwili, mlisukume juu na chini. Likicheza, beringi zimelika. Kuongeza mwanya ili lisikwaruze ni kuahirisha tu. Mashine kama hiyo isiendelee kufanyishwa kazi.

Mashine yetu ni ya zamani sana, hatuoni koili nje ya fulaiwili.

Baadhi ya mashine za kale koili yake imefichwa nyuma ya gurudumu pamoja na pointi. Hizo lazima fulaiwili litolewe kwanza. Maelezo haya hayahusu mashine hizo.

Je, pampu zetu za kumwagilia nazo?

Ndiyo, injini ndogo za petroli za pampu na jenereta hufuata kanuni hii hii, ila kipimo si kile kile. Kwa mfano Honda GX160, ambayo hutumika sana kwenye pampu, mwanya wake ni milimita 0.4, na unaruhusiwa kuwa kati ya 0.2 na 0.6. Kwa hiyo kina mama wenye bustani kando ya mto, somo hili ni lenu pia.

KIKUNDI KIFANYE NINI?

Tumeona kwamba mashine ya kikundi huharibika kwa njia mbili. Ya kwanza ni kukosa mtu anayeijua. Ya pili ni kuwa na mmoja tu anayeijua, naye siku moja anaondoka kwenda kutafuta kazi. Kwa hiyo tunashauri watu wawili au watatu wajifunze pamoja, na mmoja wao asiwe kijana wa kiume. Kazi hii haihitaji misuli.

Wekeni daftari la mashine. Andikeni aina na namba yake, kipimo cha plagi, kipimo cha mwanya, tarehe mlipopima, na ni nani alipima. Fundi akisema koili imekufa, mwulizeni kwa heshima, "Fundi, umepima mwanya? Umejaribu bila waya wa swichi?" Fundi mzuri hatakasirika. Atafurahi kuona wateja wanaoelewa.

Pia msisahau sheria. Chini ya Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya mwaka 2016, kukata miti katika msitu wa umma bila kibali ni kosa. Hata mnapokata mathenge kwenye ardhi ya jamii, zungumzeni kwanza na wazee na ofisi ya misitu, hasa mkitaka kuchoma makaa na kuyasafirisha.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mwanya wa koili hauzibwi, unapimwa. Lakini gharama ya kuupuuza ni ile ile: koili isiyohitajika, msimu uliopotea, na njia ya maji iliyofungwa tena na miiba.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Ni mashine gani ya kikundi chetu imelala sasa? Nani aliyesema imekufa, na alipima nini?

2. Ni watu wangapi kati yetu wanaweza kufungua kifuniko na kuonyesha koili ilipo?

3. Pesa tulizotumia kwa vipuri mwaka uliopita, ni kiasi gani kingeweza kubaki kama tungepima kwanza?

4. Mkutano ujao, nani ataleta karatasi tatu na bisibisi?